Dodoma haina vuli: kuuelewa utabiri wa mvua ukiwa katikati ya nchi

Kila mwaka ikifika Machi, kioja kile kile hurudi ofisini kwetu. Redio inatangaza kwamba mvua za masika ziko njiani, na mwenzetu mmoja aliyehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam anaanza kuulizia fundi wa kuziba paa. Wenyeji wanamtazama kwa huruma. Kwao mtama umeshatoa masuke, majani ya kunde yameliwa mpaka yamechosha, na kinachoombwa ni mvua mbili tatu za kukomazia kabla mbingu hazijafunga. Mgeni anajiandaa kwa mwanzo, wenzake wanasubiri mwisho.

Oktoba mambo hugeuka. Taarifa ya habari inasema vuli imeanza, linapita wingu moja la jioni pale Nkuhungu, mtu anakimbilia jembe. Jirani yangu alifanya hivyo mwaka mmoja. Alipanda mahindi, mbegu za kununua dukani, baada ya mvua ya robo saa. Yaliota vizuri, yakasimama wiki mbili, yakakauka yamesimama. Mvua ya pili ilikuja Desemba. Ukimuuliza hadi leo atakwambia watu wa hali ya hewa walimdanganya. Hawakumdanganya. Alisikiliza utabiri wa mkoa mwingine.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, watu wa aina yake wameongezeka. Wamekuja wa Tanga, wa Mwanza, wa Moshi, kila mmoja na kalenda ya mvua ya kwao kichwani. Na wengine wanaijua Dodoma ya vikao vya Bunge la bajeti tu, Aprili hadi Juni, wakirudi makwao wanasimulia kwamba huku ni baridi na hakunyeshi kabisa. Kwa miezi waliyoiona, hawajakosea sana.

Maneno kwanza

Hali ya hewa ni kile unachokutana nacho ukifungua mlango asubuhi: jua, upepo, mawingu, manyunyu. Tabianchi jina lake limejieleza lenyewe, ni tabia ya nchi. Mtu mpole anaweza kufoka siku moja, usimwite mkorofi kwa siku hiyo. Ili umjue tabia inabidi ukae naye. Wataalamu wa dunia nzima wamekubaliana kwamba ukitaka kuitaja tabia ya nchi, kaa nayo angalau miaka 30 ukiipima. Kwa hiyo Novemba moja yenye joto la kutisha ni hali ya hewa. Mabadiliko ya tabianchi ni pale tabia yenyewe inapogeuka, yule mpole akawa mtu wa kufoka kila wiki.

Sasa majina ya mvua, maana hapa ndipo watu wanapopotezana. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huigawa nchi mafungu mawili. Fungu la kwanza lina mvua mara mbili kwa mwaka: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Humo wamo watu wa pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, wa mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, na wa kaskazini mwa Morogoro na Kigoma. Fungu la pili lina mvua mara moja tu, Novemba hadi Aprili. Humo ndimo ilimo Dodoma, pamoja na Singida, Tabora, Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Ruvuma, Lindi na Mtwara.

Mvua hizi za mara moja TMA huziita mvua za Msimu. Jina hilo, niseme ukweli, halisaidii. Msimu ni neno la kila kitu: kuna msimu wa maembe na msimu wa ligi. Mtu akisikia "utabiri wa Msimu umetolewa" anadhani ni msimu wowote ule. Kumbe ni jina la mvua yake yeye, na utabiri wake hutoka peke yake, kwa kawaida Oktoba, baada ya ule wa vuli na kabla ya ule wa masika.

Kuna fundo jingine. Kwa Kiswahili cha kawaida masika ni wakati wa mvua, basi, kinyume cha kiangazi. Mzee wa Chamwino akikwambia "masika haya tumevuna" anazungumzia Desemba hadi Aprili, si Machi hadi Mei ya watabiri. Wengine huku bara husema kifuku, na ningefurahi neno hilo lingetumika zaidi, kwa sababu halina mgogoro na mtu. Ukisikia "masika" kwenye taarifa ya habari, jiulize: ni masika ya mzee, au ni masika ya TMA?

Daladala linalogeuza

Kwa nini wengine wapate mara mbili na sisi mara moja?

Mvua ya ukanda wetu huanzia kwenye jua. Pale jua linapochoma zaidi, hewa hupata joto, inakuwa nyepesi na kupanda, kama mvuke juu ya sufuria. Nafasi yake haibaki wazi. Hewa nyingine hukimbilia kutoka pande zote mbili: upepo wa kaskazi kutoka kaskazini na wa kusi kutoka kusini. Zinapokutana hazina pa kwenda ila juu. Huko juu kuna baridi, unyevu unagandana kuwa mawingu, mawingu yanashuka kuwa mvua. Mstari huo wa makutano, unaoizunguka dunia karibu na ikweta, watabiri wetu huuita ukanda mvua.

Ukanda mvua hautulii. Unalifuata jua, lakini kwa kuchelewa kidogo. Kuanzia Septemba jua linashuka kuelekea kusini, linafika mwisho wake Desemba, kisha linarudi. Ukanda mvua unashuka nyuma yake na kupanda nyuma yake.

Sasa fikiria daladala. Mtu anayekaa katikati ya njia analiona likipita kwenda, anakaa muda mrefu, analiona likirudi. Kwake limepita mara mbili. Anayekaa jirani na kituo cha mwisho analiona likiingia, linageuza, linatoka. Hapo katikati hakuna pengo la maana, kwake ni safari moja. Mtu wa Arusha yuko katikati ya njia: vuli ni daladala likishuka, masika ni daladala likipanda. Sisi tuko karibu na linapogeuzia.

Mwenye jicho la ramani atanikatiza hapa. Atasema Dar es Salaam iko kusini kidogo kuliko Dodoma, sasa mbona wao wanapata mara mbili? Swali zuri, na ndilo linaloonyesha kwamba jua peke yake halitoshi kuieleza Dodoma.

Jibu liko njiani. Panda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam mchana, ukae dirishani. Mpaka Morogoro ni kijani. Baada ya Kilosa unaingia kwenye milima na mahandaki, na ukitokea upande wa pili, kuelekea Gulwe, ni kama umebadilisha nchi: mibuyu, miiba, ardhi nyekundu. Umetoka tu kuvuka ukuta. Uluguru, Nguru, Ukaguru na Rubeho ni safu za milima zilizojipanga kati yetu na Bahari ya Hindi. Masika yanapofika, upepo wa kusi unatoka baharini umelowa. Watu wa pwani unawafikia kwanza na unawanyeshea. Ukigonga milima unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga mzigo wake palepale. Unaposhuka upande wetu umebaki upepo mtupu, na hewa inayoshuka hupata joto na kuzidi kukauka. Ndiyo maana Mei watu wa Dar es Salaam wanavuka madimbwi wakati sisi tunapeperushiwa vumbi na upepo ule ule. Bahari inawapa wao masika. Milima inatunyima sisi.

Mvua yetu kwa sehemu kubwa huletwa na mlango mwingine. Desemba hadi Machi bara zima la kusini mwa Afrika limepata joto, ukanda mvua umevutwa kusini zaidi ukiwa juu ya nchi kavu, na hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo hupenya kuja mashariki. Angalia mawingu ya Januari ya Dodoma: mengi huumuka mchana baada ya joto, yakafunguka jioni kwa radi na upepo, saa moja, yamekwisha. Ni mvua ya ghafla na ya vipande. Area C wameloa, Mtumba wanameza vumbi, na wote wawili wako sahihi wakibishana kama jana ilinyesha.

Hata vimbunga vya mbali vina mkono. Kimbunga kikikaa karibu na Madagaska au Msumbiji kinaweza kuvuta ile hewa ya Kongo ikapita juu yetu, tukapata mvua siku tatu mfululizo. Kikikaa pengine, kinavuta unyevu kuelekea kwake na kutuachia anga safi. Kimbunga chenyewe hakiwezi kuja Dodoma na nguvu zake. Chakula chake ni maji ya bahari yenye joto, kikikanyaga nchi kavu kinaanza kufa.

Mvua ya London, jua la Dodoma

Wageni wengi huita Dodoma jangwa. Jangwa halivunwi zabibu mara mbili kwa mwaka. Jina linalofaa ni nusu kame, na tofauti yake na jangwa tuitazame kwa namba.

Dodoma mjini hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila meta moja ya mraba, huhitaji hesabu nyingine. Paa la meta 10 kwa 8 linapokea milimita 570 likiwa limekusanya zaidi ya lita 45,000. Hayo ni matangi tisa ya lita elfu tano, kutoka paa la nyumba moja ya kawaida. Mengi yanaishia kwenye korongo.

Na London, mji unaosifika duniani kwa mvua na miavuli, hupata kiasi cha milimita 600 tu kwa mwaka. Karibu sawa na sisi. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuchapa. Tofauti ni mbili. Wao milimita zao zimegawanywa miezi yote 12, matone matone. Sisi tunapewa zote ndani ya miezi mitano, kisha mlango unafungwa kuanzia Mei hadi Novemba. Ni kama watu wawili wenye mshahara sawa, mmoja analipwa kila wiki, mwingine analipwa mara moja kwa mwaka na siku hiyo hiyo wanaomdai wanamsubiri mlangoni.

Anayetudai zaidi ni jua, na hiyo ndiyo tofauti ya pili. Jua la Dodoma likisaidiwa na upepo lina uwezo wa kukausha kiasi cha meta mbili za maji kwa mwaka kwenye bwawa la wazi. Mvua inatupa nusu meta na kidogo. Ukame wetu kwa hiyo hauko kwenye mvua peke yake, uko kwenye pengo kati ya kinachoingia na kinachoweza kutoka.

Watu huuliza pia mbona joto kali liko Oktoba na Novemba, si Desemba wakati jua liko kusini kabisa. Dodoma iko nyuzi sita kusini ya ikweta, na jua hupita utosini kwetu mara mbili: wiki ya pili ya Oktoba na wiki ya kwanza ya Machi. Machi kuna mawingu, majani na udongo wenye maji, jua linakuta kazi ya kufanya. Oktoba hakuna kitu cha kuzuia, anga ni jeupe na ardhi ni tupu. Na baridi ya Juni na Julai, ile ya kuvaa sweta hadi saa tatu asubuhi, inatokana na anga hiyo hiyo isiyo na mawingu. Mji uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, joto la mchana likipaa usiku hakuna blanketi la kulishika. Kipimo kinashuka hadi nyuzi joto 13 au 14, na mchana wake unavua sweta.

"Wastani" si "ya kutosha"

Hili ndilo neno ninalotamani lielezwe upya kila utabiri unaposomwa. TMA husema mvua zinatarajiwa kuwa "za wastani hadi chini ya wastani", au "za wastani hadi juu ya wastani". Msikilizaji anasikia "wastani", anaelewa "za kutosha". Hapana.

Chukua wanafunzi 30 uwapange mstarini kwa urefu, mfupi mbele, mrefu nyuma. Kumi wa mbele ni fungu la wafupi, kumi wa katikati ni la wastani, kumi wa nyuma ni la warefu. Watabiri hufanya hivyo kwa misimu ya mvua ya miaka 30 ya mahali fulani. Wakisema mwaka huu ni wastani, wanasema msimu ujao unatarajiwa kusimama na wale kumi wa katikati wa mahali hapo. Hawajasema kama mwanafunzi huyo anafikia dari.

Wastani wa Dodoma si wastani wa Bukoba. Msimu wa wastani kabisa kwa Bahi au Chamwino bado ni msimu wa wasiwasi kwa mahindi, ambayo yanataka kiasi cha milimita 500 na zaidi, tena zilizopangika. Mtama na uwele vinaridhika na pungufu ya hapo. Mtama una ujanja mwingine: jua likizidi unajikunja na kulala, mvua ikirudi unaamka na kuendelea. Hindi likikaukiwa wakati linatoa mbelewele halina kuamka. Wagogo hawakuuchagua uwele na mtama kwa kukosa kuona mahindi.

Halafu kuna asilimia. Ukisikia uwezekano wa asilimia 45 kwa mvua za chini ya wastani, kumbuka mafungu ni matatu. Asiyejua lolote angelipa kila fungu 33. Asilimia 45 maana yake mizani imeinama upande huo, haijaanguka. Mafungu mawili yaliyobaki yana 55 kati yao. Kwa hiyo mvua zikija nyingi mwaka huo, mtabiri hajasema uongo, kama ambavyo mtabiri wa mechi hajasema uongo kwa kuipa timu moja nafasi kubwa ikafungwa.

Na jumla ya msimu inaficha mambo. Dodoma ina kawaida ya kukatikiwa na mvua katikati, mara nyingi kuanzia mwisho wa Januari kuingia Februari. Wiki mbili, pengine tatu, anga kavu. Msimu unaweza kufikisha milimita 570 zake zote na bado ghala likawa tupu, kwa sababu 200 kati ya hizo zilishuka kwa siku sita na pengo likaangukia pabaya. Kinachomlisha mkulima ni mpangilio. Taarifa za TMA hueleza pia tarehe za kuanza, za kuisha na vipindi virefu vya ukavu, ila vyombo vya habari hupenda kichwa kimoja: nyingi au chache.

Kongwa inalijua hilo kwa historia. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe wa kukagua Tanganyika kwa ajili ya kilimo kikubwa cha karanga, ukamaliza kazi kwa wiki tisa. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka Kongwa. Mvua haikufuata mipango yao, na udongo wa mfinyanzi uliolainika wakati wa mvua uligeuka tofali jua lilipowaka, karanga zikabaki humo ndani. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wiki tisa, mahali ambapo hata miaka mitano haikuonyeshi tabia ya mvua.

Si kila mvua kubwa ni El Niño

Tangu 1997 neno hili limekuwa jina la mvua yoyote inayobomoa choo. Asili yake ni mbali. Wavuvi wa Peru waliona miaka fulani maji ya bahari yao yakipata joto kuelekea Krismasi, wakaliita jambo hilo kwa Kihispania Mtoto, wakimaanisha Mtoto Yesu.

Weka maji kwenye beseni pana, uyapulizie kwa feni kutoka upande mmoja. Yatajikusanya upande wa mbali. Bahari ya Pasifiki iko hivyo: pepo za kila siku husukuma maji ya moto kuelekea Indonesia. Miaka mingine feni inalegea, maji ya moto yanarudi katikati na mashariki. Hiyo ni El Niño. Feni ikizidi nguvu ni La Niña, kama ilivyotokea misimu mitatu mfululizo kuanzia 2020. Bahari ikihama joto, mawingu nayo yanahama, na mvua za dunia zinapangwa upya.

Kwetu Afrika Mashariki, El Niño huelekea kuongeza mvua hasa za vuli, huko Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Huko Zambia, Zimbabwe na Msumbiji huelekea kuleta ukame. Ona hapo: ni bembea. Upande mmoja unapanda, mwingine unashuka, na Dodoma imekaa karibu na mhimili, pale ubao unapotikisika kidogo tu. Ndiyo sababu El Niño inaweza kuifurika Kenya na Dodoma ikaenda na msimu wake wa kawaida, au ikapata nyingi, au ikakosa.

Zaidi ya hapo, Bahari ya Hindi ina mizani yake. Upande wetu wa magharibi ukipata joto na upande wa Indonesia ukapoa, unyevu mwingi unaelekea kwetu. Mwaka 1997 bahari zote mbili ziliungana, ndipo tukaona mafuriko yale ya 1997/98. El Niño ya 2015/16 ilikuwa nayo miongoni mwa kubwa kabisa kuwahi kupimwa, watu wakaweka akiba na kuhama mabonde, lakini Bahari ya Hindi haikuisaidia kwa nguvu ile, na vuli haikuifikia ya 1997. Mafuriko nayo hayahitaji El Niño kila mara. Reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa kwa miaka mingi tofauti, kwa sababu imelala kando ya mto kwenye bonde jembamba lenye milima iliyovuliwa miti.

Miti, joto na visima

Nimesikia mara nyingi kwamba tukipanda miti Dodoma mvua itaongezeka. Misitu mikubwa kama ya Kongo kweli hurudisha unyevu hewani, na sisi ni wafaidika. Lakini miche ya barabarani Ihumwa haitabadilisha njia ya ukanda mvua wala kuisogeza Rubeho. Kazi ya mti wa hapa ni kuishika mvua iliyokwisha kushuka. Kondoa walijifunza hivyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yamechimbika makorongo ya kutisha. Majani yalirudi, makorongo yakaanza kupona. Kilichobadilika ni namna ardhi ilivyoipokea mvua.

Mabadiliko ya tabianchi yenyewe, kwa Dodoma, yanaonekana kwanza kwenye joto. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba unyevu zaidi kwa takribani asilimia 7. Ikibeba zaidi, inakausha mashamba haraka zaidi, na siku ikiamua kutua mzigo, inatua kwa nguvu zaidi. Kwa mahali penye pengo kati ya mvua na jua kama hapa, pengo linapanuka hata kama milimita hazijapungua.

Hizo mvua za nguvu, hata hivyo, zina upande ambao wengi hatuuoni. Maji ya bomba ya mji huu kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora. Vina vya maji ya humo vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo zimewashangaza wataalamu wa maji. Misimu ya kawaida haiongezi kitu cha kuonekana. Mvua inalowesha udongo, mimea inakunywa, jua linachukua, kisima hakijui kama ilinyesha. Mwaka baada ya mwaka kina kinashuka polepole. Halafu unakuja msimu mmoja wa fujo, makorongo yanajaa, maji yanakaa bondeni siku nyingi na kuzama chini, na kisima kinapanda kwa mkupuo. Mpando mkubwa kuliko yote kwenye kumbukumbu hizo ni wa 1997/98, msimu ule ule tunaousimulia kwa nyumba zilizoanguka. Maji tuliyochota kwenye ndoo miaka iliyofuata yaliingia ardhini wakati tunalia mafuriko.

Jina la mji lenyewe, kwa masimulizi ya Wagogo, limetoka kwenye neno idodomya, yaani imezama. Inasemekana tembo alishuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akakwama kwenye tope, akadidimia asitoke. Mgeni aliyefika Agosti, akajifuta vumbi usoni pale stendi, hawezi kuamini kwamba mji huu umepewa jina la tope. Masimulizi hayataji mwezi. Ila tembo yule hakuzama Agosti.